Mtapo wa Barazani, Yanonge

Vitabu vya bustani husema saikadi, ambayo watu wa pwani huiita mtapo, haina kazi: itie maji ukikumbuka. Ushauri huo ulitungwa kwa nyumba za Ulaya, zenye hewa kavu ya mitambo ya kupasha joto. Yanonge iko kando ya mto Kongo, ukiteremka kutoka Kisangani. Mvua ya mwaka hufika kama milimita 1,800, na hata Januari haikatiki kabisa. Kinachoua mtapo hapa ni kuoza, wala si kiu.

Aina ipandwayo zaidi vyunguni ni Cycas revoluta, yenye asili ya Japani. Shina lake ni ghala la wanga. Ukiupanda mtapo kwenye udongo wa shambani, ndani ya ndoo isiyo na matundu, mizizi hukosa hewa na uozo hupanda juu taratibu. Majani hayatakuambia mapema, kwani hula akiba ya shina na kubaki kijani. Bonyeza shina kwa kidole gumba karibu na udongo: likibonyea, uozo umeshaingia.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye mchanganyiko. Mimi ningetia mchanga wa mto wenye chembe nene kiasi cha nusu chungu, vipande vya matofali na makaa yaliyopondwa, kisha udongo mweusi wa msituni kidogo tu. Unga wa mbao, ambao wengi huupenda kwa kuwa ni wa bure, usitie: hushika maji kama sifongo. Baadaye utaona vinundu vya mizizi vikitokeza juu ya udongo. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakavikata. Ndani yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana mmea huu hauhitaji samadi nyingi.

Sebuleni kuna giza mno. Majani hurefuka na kulegea. Baraza inafaa, mradi chungu kisikae pale maji ya bati yanapodondokea, kwa sababu yakituama katikati ya shada la majani huozesha kichipukizi. Majani mapya hutoka yote kwa pamoja, laini, mara nyingi mara moja kwa mwaka. Wiki hizo usikizungushe chungu: jani likikomaa limepinda, halinyooki tena.

Haraka haina nafasi hapa. Katika bustani ya Kew, London, kuna mtapo wa aina nyingine, Encephalartos altensteinii, ulioletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775, na bado unaishi chunguni.

Kongo ina mitapo yake pia, kama Encephalartos ituriensis wa miamba ya itale katika msitu wa Ituri. Huo uache porini: mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, umeiweka jenasi yake nzima katika Kiambatisho cha I, chenye ulinzi mkali zaidi. Iwe ya porini au ya chunguni, mbegu za mitapo zina sumu kali ya ini, na mbwa akizitafuna anaweza kufa.

Ukitaka mche, chukua chipukizi pembeni mwa shina la Cycas. Likate kwa kisu safi, ondoa majani yote, paka kidonda unga wa makaa, liache kivulini hadi likauke vizuri, kisha lipande mchangani. Likitoa jani usishangilie bado, maana huweza kulitoa kwa akiba yake kabla ya kuwa na mizizi. Litikise kidogo, likicheza, punguza maji uendelee kungoja.