Spartacus Aliyefuliwa na Kupigwa Pasi

Kusema ukweli, mimi hulia pahali pamoja kila ninapoitazama Spartacus, ile filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1960. Vita vimeisha. Watumwa walioshindwa wameketi mlimani wakiwa wamefungwa minyororo. Warumi wanawaambia: tuonyesheni Spartacus, awe hai au maiti, nasi hatutawasulubisha. Kirk Douglas anainuka ili ajitaje. Kabla hajafungua mdomo, mwenzake ashasema Spartacus ni yeye. Halafu mwingine. Halafu mlima wote.

Tukio hilo halikuwahi kutokea. Appian, mwanahistoria aliyeandika yapata miaka 200 baadaye, anasema Spartacus alifia vitani mwaka 71 KK na maiti yake haikupatikana. Watumwa 6,000 walionaswa walisulubiwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma, bila kuahidiwa lolote.

Sina ugomvi na uongo huo, manake najua ulikotoka. Howard Fast, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hii, alifungwa jela mwaka 1950 kwa kukataa kuikabidhi kamati ya bunge la Marekani majina ya watu waliochangia shirika la kusaidia wakimbizi. Dalton Trumbo, aliyeandika mswada wa filamu, naye alifungwa mwaka huohuo kwa kukataa kujibu maswali ya kamati hiyo, kisha akaishi miaka mingi akiiandikia Hollywood kwa majina ya bandia. Watu kama hao wakikuandikia mlima mzima wa wanaume wanaokataa kumtaja mwenzao, hawasemi juu ya Roma. Wanasimulia yaliyowafika wenyewe. Uongo huo una jasho ndani yake.

Kuna uongo mwingine ndani ya filamu hii, na huo ndio ulionifanya nikae chini niandike.

Mwanzoni mwa maasi, gladiata waliotoroka wamewakamata Warumi wawili matajiri. Wamewapa panga na kuwasukuma uwanjani wauane, huku wao wakishangilia. Spartacus anafika, anakasirika, anawauliza wenzake wamegeuka kuwa nini. Mchezo unasimamishwa. Nasi watazamaji tunapumua: ah, huyu jamaa ni mtu safi.

Sasa msome Appian. Crixus, mmoja wa viongozi wa maasi, aliuawa karibu na mlima Garganus mwaka 72 KK. Spartacus aliwatoa mateka 300 wa Kirumi sadaka kwa ajili yake. Florus, mwanahistoria mwingine, anasema Spartacus aliwazika makamanda wake kwa heshima za majenerali wa Kirumi, akawalazimisha mateka wapigane kama gladiata mbele ya moto wa maiti.

Umeona walichofanya? Hawakuliacha tu tukio hilo nje. Wameligeuza ndani nje, kama shati, wakampa Spartacus sifa ya kukataza kile ambacho wanahistoria wanasema alikiamuru.

Tukumbuke kwamba kule Roma michezo ya gladiata ilianza kama ibada ya mazishi ya wakubwa. Damu ya mtumwa ilimwagika ili mheshimiwa azikwe vizuri. Spartacus aliishika ibada hiyohiyo na kuipindua: leo anayezikwa ni mtumwa, na anayemwaga damu ni Mrumi. Si jambo zuri. Watu 300 waliuawa wakiwa wamefungwa, na sitaki kulipaka sukari. Lakini lilikuwa na maana, na kila Mrumi aliyelisikia aliielewa. Spartacus wa Kirk Douglas hana neno lolote lenye makali kama hayo.

Mke wake naye alifuliwa. Plutarch anatuambia alikuwa wa kabila moja na mumewe, nabii wa mungu Dionysus. Siku moja Spartacus, alipopelekwa Roma kuuzwa, alionekana amelala na nyoka amejikunja usoni pake. Mkewe ndiye aliyefasiri ishara hiyo. Plutarch hakutuachia jina lake. Filamu imempa jina, Varinia, na kumnyang'anya kila kitu kingine: sasa ni mtumwa kutoka Uingereza, mrembo, anapenda, anazaa, anaaga. Mwanamke aliyesoma ishara za miungu amebaki kubeba mtoto.

Na kuna Draba, gladiata kutoka Ethiopia, ambaye Woody Strode anamwigiza vizuri ajabu. Anamshinda Spartacus, anakataa kumuua, anawarushia wakubwa mkuki wake wa ncha tatu na kuwapandia huko juu. Anauawa papo hapo, na maiti yake inatundikwa kichwa chini. Ukitazama filamu hii Nairobi, lazima mtu atasema: si nilijua tu, mwenzetu hafiki mwisho. Draba ndiye wa kwanza kuasi, lakini kazi yake kwenye hadithi ni kufa ili Mzungu aamke.

Kinachonikera si kwamba filamu imebadilisha historia. Kila filamu hubadilisha. Kinachonikera ni kwamba mabadiliko haya yote yana masharti yaleyale: kabla hatujampenda mtumwa, afaulu kwanza mtihani wa tabia. Asilipize kisasi. Mkewe asiwe na miungu ya ajabu. Asikasirike kupita kiasi. Anayemmiliki hafanyiwi mtihani huo. Crassus haulizwi hata mara moja kama anastahili kuwa huru.

Na mimi nimo humo. Nilipomsoma Appian mara ya kwanza, moyo wangu ulirudi nyuma hatua moja. Nikajikuta nikimtaka yule wa filamu, yule mwenye kidevu kizuri na mikono safi. Kumbe huruma yangu ilikuwa na bei, na sikuwahi kuiangalia.

Usiache kuitazama filamu hii. Ni saa tatu na zaidi kidogo, na mimi mwenyewe nitairudia, na pale mlimani nitalia tena. Ila ikiisha, msome Appian. Halafu jiulize kama Spartacus wa mateka 300 bado alistahili kutoka Capua. Jibu langu ni ndiyo. Limenichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.