Kiu ya Pilipili

Mnunuzi mwenye haraka hutazama rangi tu. Akikuta fungu la pilipili mbuzi nyekundu, zinang'aa, kila moja imejaa ngozi yake mpaka haina kunyanzi, hulipia na kwenda zake. Fungu la namna hiyo mimi hulipita. Pilipili iliyovimba hivyo mara nyingi imenyweshwa mpaka siku ya kuchumwa, na jikoni ukali wake hugusa ncha ya ulimi ukapotea. Ukiitia kwenye achari, hutoa maji na kuipunguzia nguvu siki.

Misimu ndiyo iliyonifundisha. Pilipili ya Februari, kiangazi kikiwa kimekaza, na pilipili ya Mei, masika yakiwa bado yanamwagika, huweza kutoka mche uleule na zisifanane. Ya Mei ni kubwa, nyororo, ina harufu ya majani mabichi. Ya Februari ni ndogo kidogo, ina mikunjo mabegani, na ukiikaribisha puani kabla hujaikata utasikia harufu ya tunda bivu, karibu na embe. Tangu nilipoitambua tofauti hiyo, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni moja: hizi zimekunywa maji mara ya mwisho lini?

Katika pilipili mbichi, karibu asilimia 88 ya uzito ni maji. Kinachobaki ndicho unachokinunua hasa: nyama, mafuta ya harufu, rangi, vitamini, na kapsaisini iletayo mwasho. Wengi husema ukali umo ndani ya mbegu. Umo kwenye utando mweupe unaozishika mbegu, nazo huupata kwa kugusana nao. Mmea hujenga kapsaisini humo kuanzia wiki chache baada ya ua kufunga tunda, na kwa aina nyingi hufika kilele kati ya siku ya 40 na ya 50. Maji yakipungua katika kipindi hicho, mambo hubadilika. Watafiti waliozichunguza pilipili za Padrón, kule Galicia nchini Hispania, mwaka 1999 walikuta kwamba miche iliyopewa maji machache ilizaa matunda makali zaidi. Pilipili hizo huchumwa changa na nyingi hazina ukali, lakini mlaji anajua kwamba katika sahani moja huenda akakutana na moja itakayomtoa machozi. Hata hivyo kiu haifanyi kazi sawa kwa kila mbegu. Aina zilizo kali sana kwa asili huweza kubaki palepale, na mkulima akaambulia mavuno haba bila faida yoyote.

Ndiyo maana simsifu anayeutesa mche. Pilipili huhitaji milimita 600 hadi 900 za maji kwa msimu, yaani lita 600 hadi 900 kwa kila mita ya mraba, na huwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote pale maua yanapoanza. Mche ukikosa maji hapo, maua hupukutika. Tena mche wa pilipili hubeba ua, tunda changa na tunda bivu kwa pamoja, hivyo huwezi kulinyima moja bila kuliadhibu jingine. Mkulima hodari hunywesha kwa kina, maji yashuke mpaka mizizi ilipo, kisha huacha udongo wa juu ukauke. Siku ya pili au ya tatu huchovya kidole ardhini: akikuta ubichi chini, husubiri. Majani yakilegea saa saba mchana hana wasiwasi, kwa kuwa jua limeyazidi nguvu kwa muda tu na jioni yatasimama. Yakiwa yamelegea alfajiri, hapo mche una kiu kweli, na ndoo hazina budi kwenda kisimani. Matandazo ya nyasi kavu humsaidia kuliko watu wanavyodhani, maana huufanya unyevu upungue polepole. Bustani isiyo na matandazo huishi kwa mafuriko leo na ukame kesho.

Mafuriko na ukame huo huacha alama, na alama zake ndizo ninazozitafuta sokoni. Geuza pilipili utazame kitako. Ukiona doa la kahawia lililodidimia, kavu kama ngozi ya kiatu, hilo ni kuoza kitako. Tunda lilikosa kalisi, na mara nyingi kalisi ilikuwa tele ardhini. Kalisi husafiri ndani ya maji, na maji yakija kwa kushtukiza huenda zaidi kwenye majani yanayopumua sana, tunda likabaki nyuma. Kwa hiyo doa lile linakueleza kwamba mwenye bustani alisahau, kisha akamwaga maji mengi kufidia. Usilichanganye na doa jeupe la ubavuni, upande uliotazama jua. Hilo ni tunda lililoungua baada ya majani kulivua kivuli, na nalo pia huenda limeanzia kwenye kiu. Nyufa nyembamba juu ya mabega zina habari yao: ukame mrefu, kisha mvua moja kubwa, nyama ikakua kwa haraka kuliko ngozi. Pilipili yenye nyufa uile kesho yake. Ukiiweka, ukungu utakutangulia.

Kuhusu lishe, watu huisahau kwa sababu pilipili huliwa kidogo. Gramu 100 za pilipili nyekundu mbichi zina takriban miligramu 144 za vitamini C, nyingi kuliko chungwa la uzito huo. Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliitoa vitamini hiyo kwa wingi katika paprika ya Szeged, Hungaria. Tunda lililonyweshwa kwa kiasi hubeba virutubisho vingi zaidi katika kila gramu kwa sababu halikuongezewa maji ya bure. Lakini lililoiva kwa kubanwa na kiu kali, likiwa limesinyaa kabla ya kutimia, halina wekundu wa kutosha, na wekundu huo ndio dalili ya karotenoidi zilizokomaa. Kwa hiyo pendelea tunda lililoivia kichakani mpaka likawa jekundu lote, hata karibu na kikonyo.

Sasa chukua moja mkononi. Kikonyo kiwe kibichi na kigumu. Kilichonyauka kinasema pilipili imeshakaa siku nyingi. Bonyeza kwa kidole gumba: inapaswa kukurudishia nguvu polepole, wala isilie kwa kupasuka kama bamia mbichi. Ikinusika majani, irudishe. Ukiruhusiwa kuikata, ipasue kwa urefu uutazame utando. Katika pilipili nzuri umetuna, una vijipovu vya mafuta vya rangi ya njano hafifu, na mbegu zake ni nyeupe kama maziwa. Utando ulio bapa, mweupe mtupu, na maji yaliyokusanyika shimoni havinipi hamu. Ukionja, anza na ncha iliyo mbali na utando. Hapo utapata utamu na harufu kabla ya moto. Kisha sogea juu. Moto wa pilipili iliyolelewa vizuri hupanda taratibu, hukaa kooni, na huacha ladha ikiendelea.

Kwa pilipili kichaa iliyokaushwa, hila za maji zimeondoka na kilichofichwa kimejitokeza. Iliyonyeshewa siku za mwisho hukauka ikiwa nyembamba kama karatasi, rangi ikielekea kahawia. Iliyolelewa kwa subira hubaki nyekundu ya damu, nzito kidogo, na ukiitikisa karibu na sikio mbegu hulia waziwazi. Ikiwa hazilii, unyevu haujaisha, na kuvu wa sumu huanzia hapohapo. Mimi huchukua kiganja, hutikisa, husikiliza, halafu huvunja moja na kuinusa kabla ya kuuliza bei.