Fundi wa Mzunguko

Anayetazama mechi za zamani za Lee Young-ho huvutwa kwanza na vidole. Kijana huyu wa Korea Kusini, aliyejulikana ulingoni kwa jina la Flash, alitwaa taji lake la kwanza la Starleague, mashindano ya mchezo wa kompyuta wa StarCraft, mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 15, na kamera za televisheni hazikuchoka kuonyesha mikono yake: wa kushoto ukirukaruka juu ya kibodi, wa kulia ukizungusha kipanya, vitendo mia tatu na zaidi kwa dakika. Ni rahisi kuondoka na hukumu kwamba huo ndio ustadi wenyewe, wepesi wa mikono ya ujana. Hukumu hiyo haimtendei haki. Vidole hutumwa tu, na kinachovituma ni kumbukumbu iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Mchezo wa StarCraft, hasa toleo la Brood War lililotoka mwishoni mwa 1998, ulikuwa juu ya yote ufundi wa kukumbuka, na waliotengeneza michezo ya mikakati iliyoufuata wamekuwa wakiufuta ufundi huo kipande kwa kipande, tena kwa nia njema.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na wanasaikolojia wamekuja kuwaunga mkono. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba akili hushika kwa mara moja vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alishusha kadirio hilo hadi vinne. Mwaka huohuo Rubinstein, Meyer na Evans walionyesha kwamba mtu anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine hulipa muda kila anapohama, na kwamba malipo hukua kadiri kazi zinavyokuwa ngumu. Kwa hiyo hakuna mtu anayefanya mambo kumi kwa wakati mmoja, hata bingwa wa Seoul. Anachofanya bingwa ni kuyapanga mambo hayo kumi hivi kwamba kila moja linajileta lenyewe zamu yake inapofika, halishikwi kichwani kabla ya hapo, na halibaki kichwani baada ya hapo. Tunachokiita kufanya mengi kwa pamoja ni mzunguko wa jambo mojamoja, uliokaririwa hadi ukawa haukatiki.

Ili kuona mzunguko huo unabeba nini, chukua mchezaji wa upande uitwao Terran mwenye kambi tano za kuzalisha askari na kituo kikuu kimoja cha kuzalisha wafanyakazi. Kwa kasi inayotumika mashindanoni, askari wa kawaida huchukua sekunde 15 hivi kukamilika, mfanyakazi sekunde 13, na ghala la mahitaji sekunde 25. Ghala moja hutosha watu wanane. Piga hesabu: kabla ghala lililoanza kujengwa halijakamilika, kambi tano zimeshatoa askari wanane hivi na kituo kinakaribia kumkamilisha mfanyakazi wa pili. Ghala limeliwa kabla halijasimama. Mchezaji akilisahau mara moja, kambi zote tano hukwama, na mchezo humwonya pale tu anapojaribu kuagiza askari mwingine na kukataliwa. Juu ya hayo, katika Brood War kila kambi ilipaswa kuguswa peke yake. Kila mfanyakazi mpya alisimama bila kazi mpaka atumwe kwenye madini. Na kundi moja la jeshi halikuzidi askari 12, kwa hiyo jeshi la watu sitini lilikuwa makundi matano ya kuhamishwa moja baada ya jingine. Vita vilianzia nyumbani, kwenye ghala, na wengi walishindwa huko muda mrefu kabla risasi ya kwanza haijalia.

Wachezaji walilijibu tatizo hili kwa mbinu yenye umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Cicero anasimulia habari za Simonides wa Keos, mshairi wa Kiyunani aliyetoka nje ya ukumbi wa karamu muda mfupi kabla paa halijaporomoka, kisha akaweza kuwatambua marehemu wote kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Kutokana na kisa hicho, walimu wa balagha wa Roma walifundisha wanafunzi kuweka kila hoja katika mahali pake ndani ya nyumba ya kuwaza, ili msemaji akipita mlangoni aikute hoja ya kwanza, akifika nguzoni aikute ya pili. Sasa tazama vitufe vya F2, F3 na F4 katika Brood War. Mchezaji aliweza kuhifadhi katika kila kimoja sehemu ya ramani, na akikibonyeza, skrini iliruka papo hapo hadi sehemu hiyo. Fundi aliweka kimoja kwenye safu ya kambi, kingine kwenye madini, cha tatu kwenye lango la ngome yake. Hakuhitaji tena kukumbuka kwamba kuna askari wa kuagizwa. Alihitaji kufika mahali tu, na mahali palimkumbusha. Kambi tupu ilidai askari, mfanyakazi aliyesimama alidai kutumwa, uwanda ulio wazi ulidai ghala. Tofauti na nyumba ya Mrumi ni kwamba hii ilionekana kwa macho, lakini kazi iliyofanywa na kichwa ni ileile: wajibu umefungwa kwenye mahali, na mahali pamepangwa kwa utaratibu usiobadilika. Ndiyo maana mafundi walijenga kambi zao kwa safu nadhifu, zikakaa zote ndani ya skrini moja. Mtazamaji aliona unadhifu, kumbe ile ilikuwa hifadhi ya kumbukumbu.

Upande wa pili wa ufundi huu ni mfuatano. Mwanzo wa mechi ulikaririwa kwa idadi ya watu: tisa, ghala, kumi na moja, kambi, kumi na mbili, gesi. Saa haitajwi popote, na hapo ndipo penye hekima. Watafiti wa kumbukumbu ya mambo yajayo hutenganisha kukumbuka kwa wakati, kama vile kunywa dawa baada ya dakika kumi, na kukumbuka kwa tukio, kama kunywa dawa chakula kinapoletwa. La kwanza humlazimu mtu kujichunga mwenyewe. La pili hubebwa na tukio lenyewe. Idadi ya watu ilikuwa tukio lililoandikwa daima kwenye kona ya juu ya skrini. Baada ya mwanzo huo, kila tendo lilivuta tendo lililofuata, jinsi hafidhi wa Kurani, kwa namna ya kukumbuka na wala si kwa utukufu, asivyoshika aya 6,236 mbele ya akili yake kwa mkupuo: aya aliyo nayo ulimini ndiyo inayoileta ifuatayo. Na kosa nalo ni la aina moja. Hafidhi huponyokwa pale aya mbili zinapofanana, akaruka sura bila kujua. Mchezaji huponyokwa pale zamu mbili za mzunguko zinapofanana, akadhani ameshaagiza kumbe aliagiza zamu iliyopita.

Lakini kiini cha ufundi huu kiko katikati ya pigano. Majeshi mawili yamekutana, matokeo ya mechi yanaelekea kuamuliwa ndani ya sekunde kumi, macho ya ukumbi mzima yako pale. Mchezaji wa kawaida hubaki akitazama, kwa sababu ni vigumu mno kuyaacha macho yaondoke penye hatari. Fundi huondoka. Hubonyeza kitufe, skrini huruka nyumbani, huagiza askari watano, hujenga ghala, hutuma wafanyakazi wawili, kisha hurudi. Yote yamechukua sekunde mbili tatu, na ndani ya sekunde hizo askari wake kadhaa wamekufa bila uangalizi. Amekubali hasara hiyo kwa sababu anajua kilichobaki katika mzunguko na anaamini pigano litakuwa pale atakaporudi. Lim Yo-hwan, bingwa wa kizazi kilichomtangulia Lee, alijijengea jina kwa kulazimisha wapinzani wake wavunjike hapohapo: meli iliyobeba askari wachache ilitua nyuma ya ngome, na mpinzani aliyekimbilia kuizuia alisahau alikuwa amefikia wapi. Uharibifu wa wale askari wachache ulikuwa mdogo. Kilichoharibika kilikuwa mfuatano wa mawazo ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kupamba jambo sahili, na kwamba mwenye mikono myepesi hushinda. Hoja hiyo ina ushahidi wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wachezaji 3,305 wa StarCraft II, wenye umri wa miaka 16 hadi 44, ulionyesha kwamba kasi ya kuona na kutenda huanza kupungua mtu afikapo miaka 24. Hata hivyo watafiti haohao waliona kwamba wakubwa hufidia upungufu huo kwa mikakati sahili zaidi na kwa kuvitumia vyema vyombo vya mchezo. Yaani upangaji hulipa deni la mkono. Mwishoni mwa 2018 programu ya AlphaStar ya kampuni ya DeepMind ilimshinda Mpolandi Grzegorz Komincz mechi tano bila jibu, huku wastani wake wa vitendo kwa dakika ukiwa chini ya ule wa Komincz, ingawa katikati ya mapigano ulipanda kupita uwezo wa binadamu. Mechi hizo tano programu ilicheza ikiona eneo lake lote la ramani kwa pamoja. Katika mechi nyingine iliyofuata mwaka 2019 ilipewa sharti la kuhamisha skrini kama mtu, kuchagua pa kutazama, na Komincz akashinda. Toleo hilo lilikuwa limefunzwa kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo mechi moja haimalizi ubishi. Lakini inaonyesha uzito ulipo. Mzigo uko katika kujua jicho liende wapi sasa.

Wengine watakubali kwamba ni kumbukumbu, ila watasema mazoezi yanatosha, mbinu za nini? Jibu lipo katika jaribio la Ericsson, Chase na Faloon lililochapishwa mwaka 1980. Mwanafunzi wa kawaida aliyeweza kukariri tarakimu saba alifanya mazoezi ya saa 230 hivi hadi akafikia 79. Alikuwa mkimbiaji, na alizigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye sita hivi. Saa zote zile hazikumpanulia akili hata kidogo. Zilimjengea mpangilio, na pasipo mpangilio hakuwa na cha kusimamia. Vivyo hivyo kwa mchezaji anayecheza mechi elfu bila mzunguko uliopangwa: atakuwa amerudia usahaulifu uleule mara elfu.

Tulichonacho sasa ni michezo inayokumbuka kwa niaba ya mchezaji. Katika Age of Empires II ya 1999, shamba lililochoka lilipaswa kupandwa upya kwa mkono. Nyongeza ya mwaka 2000 ikaruhusu kulipia mapando mapema. Toleo la 2019 likalifanya shamba lijipande lenyewe. StarCraft II ya 2010 iliondoa ukomo wa askari 12, ikaweka kambi zote chini ya kitufe kimoja, ikawezesha kila mfanyakazi mpya aende madinini bila kutumwa peke yake. Kuanzia mwishoni mwa 2015 mchezo huo ukaanza na wafanyakazi 12, pale Brood War ilipoanza na wanne, na dakika zile za mwanzo zilizokaririwa kwa idadi ya watu zikakatwa. Hoja ya kutetea haya ni nzito kuliko zote: mpunguzie mtu vibarua, apate nafasi ya kufikiri mikakati. Ina ukweli kwa anayeanza, na kwa mwenye mkono unaouma ina huruma. Ila inadhani kwamba mkakati na kibarua ni vitu viwili. Katika Brood War kuamua kujenga kambi ya sita kulikuwa kuamua pia kama kichwa kitaibeba. Umakini wenyewe ulikuwa mali ya kutumiwa kwa uchumi, kama madini na gesi, na kumnyang'anya mpinzani umakini wake kulikuwa mkakati halali kama kumnyang'anya ardhi. Ukiifanya mali hiyo iwe bure, umeondoa somo zima katika mchezo. Wala nafasi iliyoachwa haijijazi yenyewe: simu zilipochukua namba za ndugu zetu, vichwa vyetu havikujazwa falsafa mahali pa namba hizo.

Korea Kusini ilikuwa na vituo viwili vya televisheni vilivyoutukuza ufundi huu, OnGameNet na MBC Game, na fainali ya ligi ya timu ya mwaka 2004, katika ufuko wa Gwangalli mjini Busan, ilitajwa kuvuta watazamaji laki moja. MBC Game iligeuzwa kituo cha muziki mwaka 2012. Ligi yenyewe ilifungwa mwaka 2016. Mwaka 2017 Brood War ya asili ilianza kutolewa bure, na toleo lililosafishwa picha mwaka huohuo halikugusa kanuni: kundi bado halizidi askari 12, kambi bado huguswa mojamoja, mfanyakazi bado husubiri kutumwa. Kijana anayetaka kujua kichwa chake kinaweza kupangwa kwa kiasi gani na aanzie hapo, akiwa na kambi mbili tu na vitufe vitatu, na asiongeze ya tatu mpaka hizo mbili ziwe hazikwami.