Mkono Mwepesi kwenye Ufizi

Chuma chenyewe ni chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimechorwa mistari ya milimita na ncha yake ni butu. Daktari wa fizi hukishika kwa ncha za vidole, akakiteremsha kati ya ufizi na jino la kupandikiza kwa nguvu ndogo mno, kama uzito wa gramu 25 hivi. Akizidisha, atauchoma ufizi usio na kosa na kupata damu isiyo na habari yoyote. Asubuhi moja nilikaa pembeni ya kile kiti, mjomba wangu na mkewe wakihudumiwa kwa zamu, na sikuchoka kuutazama mkono ule.

Kipandikizi ni skrubu ya titani ndani ya taya. Kushikana kwake na mfupa, alikokugundua Per-Ingvar Brånemark kule Uswidi, ni kwa kweli: mwaka 1952 alitaka kung'oa kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura, kikagoma. Mgonjwa wake wa kwanza, aliyepandikizwa mwaka 1965, alitafunia meno hayo miaka 40. Udhaifu uko juu ya mfupa. Nyuzi za ufizi huingia ndani ya mzizi wa jino la asili na kulishika. Kwenye titani zinapita kando tu, kama mkanda kiunoni. Ukoga ukijikusanya pale, bakteria hawana mlango mgumu wa kuvunja.

Mke wa mjomba alitangulia. Kila chuma kilipopita, mstari mwekundu ulichomoza nyuma yake. "Nne," daktari akamwambia msaidizi wake, kisha akatazama vipimo na eksirei ya siku taji lilipofungwa. Mfupa ulikuwa palepale. Uvimbe ulikuwa wa ufizi peke yake, na huo ukisafishwa mapema hutulia. Mfupa ukishaliwa ni habari nyingine. Mara nyingi ufizi hufunguliwa kwa upasuaji, na kilichopotea hakirudi chote.

Mjomba amevuta sigara tangu ujana. Ufizi wake ulikuwa umepauka na kukaza. Chuma kilizama milimita tano, damu haikutoka. Mimi niliona afya. Daktari akarudia pale pale, akasubiri, akasubiri tena mpaka kikajitokeza kitone kimoja. Akaminya ufizi kwa kidole, taratibu, kuanzia chini kwenda juu, akitafuta usaha. Hakuna. Akalinganisha na eksirei ya zamani. Hapo ndipo nilipoelewa ufundi wa huyu mtu. Moshi huibana mishipa midogo ya damu na kuzidhoofisha chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, kwa hiyo ugonjwa unaendelea chini huku ufizi ukionekana shwari. Kwa asiyevuta, damu hupiga kelele mapema. Kwa mvutaji, lazima daktari ausikilize ukimya, na kuusikiliza ukimya kunataka muda ambao wengi hawautoi.

Kusafisha kulikuwa kwa namna ile ile kwa wote wawili. Vifaa vya kawaida vya kukwangulia ugaga aliviacha kwenye trei, maana chuma kigumu huikwaruza titani na ukoga hupenda mikwaruzo. Alitumia ncha laini ya plastiki, kisha akapuliza unga laini wa erithritoli uliochanganyika na maji. Ncha ya mpulizo haikusimama mahali pamoja hata mara moja. Sekunde chache upande huu, sekunde chache upande ule, inazunguka taji kama mtu anayefuta kioo cha taa ya chemli.

Kisha akampa mjomba kioo na mswaki mdogo wa kupitisha katikati ya meno. Mjomba akausukuma kwa pupa, ukapinda. Daktari akampa mwingine. Ukapinda pia. Akampa wa tatu, akamshika kifundo cha mkono na kumwonyesha mwelekeo, wala sauti yake haikubadilika.

"Mzee wangu, mimi na wewe tutaonana baada ya miezi mitatu. Hapa katikati kazi ni yako."

Kuhusu sigara hakumgombeza. Alimweleza tu kwamba kwa mvutaji uvimbe hupungua polepole na hurudi upesi, kisha akaongeza jambo nililodhani nimelisikia vibaya: "Ukiacha, huenda ufizi ukaanza kutoa damu. Usiogope. Mishipa itakuwa inafunguka."

Mjomba aliacha sigara wakati wa Ramadhani, na Idi ikapita bila kurudia. Wiki kadhaa baadaye alinipigia simu usiku, kaona wekundu kwenye mswaki. Nikamkumbusha maneno ya daktari, na siku ya miadi tukaenda.

Chuma kikateremka kwa uzito ule ule. Nyuma yake ukachomoza mstari mwekundu, mwembamba, mbichi. Daktari akauinamia kwa muda, akatabasamu chini ya barakoa mpaka macho yakafinyana, kisha akamgeukia msaidizi wake.

"Nne," akasema.