Mafundi wa Nasaba za Samaki

Kwenye mawe na nguzo za gati hukaa mnyama anayefanana na mfuko wa ngozi uliojaa maji. Hana kichwa, hana macho, hana mgongo. Huvuta maji kwa tundu moja na kuyatoa kwa jingine, na ukimbonyeza hukurushia. Kwa miaka mingi wataalamu walimpanga na jamaa ya chaza, wala siwalaumu. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kovalevsky akachapisha aliyoyaona baada ya kumfuatilia tangu yai. Akiwa mchanga huogelea mfano wa kiluwiluwi, na ndani ya mkia wake mna ufito mnyumbufu, na juu ya ufito huo uti wa neva. Akishapata mwamba wa kujibandika, mkia hunywea na ufito hupotea. Kwa ajili ya ufito huo wa muda mfupi, mnyama wa gatini alihamishiwa kwenye faila ya kodata, waliko papa, chura, kunguru na sisi wenyewe.

Kazi ninayotaka kuisifu ndiyo hiyo, uainishaji. Shuleni tulionjeshwa maganda yake tu. Tulikariri sifa za kodata: notokodi, uti wa neva upande wa mgongo, nyufa za koromeo, mkia unaopita njia ya haja, hata kama baadhi huonekana kwenye kiinitete tu kisha hutoweka. Tukaandika, tukapata alama, tukasahau. Hakuna aliyetueleza kwamba nyuma ya kila sifa yupo mtu aliyeinamia hadubini mpaka shingo ikamuuma.

Kwa samaki kazi hiyo ni ya mikono hasa. Samaki hulazwa mezani. Fundi huhesabu miiba migumu ya pezi la mgongo, kisha miale laini inayoifuata. Huhesabu magamba ya mstari wa ubavu, moja moja, kwa ncha ya sindano. Hufunua kifuniko cha matamvua na kutazama vijino vilivyopangwa kwenye tao lake. Rangi haiamini sana, maana hufifia samaki anapokufa, na hata kwa aliye hai hupotosha: pono dume na jike wa spishi moja waliwahi kupewa majina mawili kwa sababu ya mavazi yao tofauti. Mwiba haubadilishi nguo.

Lakini subira pekee hata mshona mikeka anayo. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba fundi huyu huacha ushahidi wa kumpinga. Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu, akafia Yemen mwaka 1763. Baadhi ya samaki wake aliwachuna ngozi ya upande mmoja, akaikausha na kuibandika kwenye karatasi kama majani ya miti, na ngozi hizo zingali zimehifadhiwa Copenhagen. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Mmoja wa machangu tunaowala pwani, Lethrinus nebulosus, bado huandikwa pamoja na jina la Forsskål na mwaka huo, vyote viwili ndani ya mabano. Mabano hayo si pambo. Yanatangaza kwamba Forsskål alimweka samaki huyo katika jenasi nyingine, na waliokuja baadaye wakamhamisha. Sijui ni taaluma gani nyingine inayobandika sahihisho la mtu kando ya heshima yake, tena milele.

Kisa mashuhuri kuliko vyote kilianza Desemba 1938 huko East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji, aliona katika shehena ya meli ya uvuvi samaki wa buluu mwenye urefu wa mita 1.5 na uzito wa kilo 57 hivi, mapezi yake yakiwa na vikonyo vya nyama. Akachora mchoro, akamtumia J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyependa samaki kuliko kemia. Smith alitambua ukoo ambao wanasayansi waliujua kwenye mawe tu, ukidhaniwa kuisha zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Akamwita Latimeria chalumnae. Matumbo, hata hivyo, yalikwisha kutupwa, na Smith akatafuta mwingine kwa miaka 14, akisambaza vipeperushi vya zawadi ya pauni 100 kwenye pwani za Afrika Mashariki. Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah alimpata kisiwani Anjouan, Komoro, ambako wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote kwa jina la gombessa na hawakumthamini kitoweoni.

Samaki yule wa pili hakuwa na pezi la kwanza la mgongo. Smith, kwa furaha na haraka, akamtangaza kuwa jenasi mpya, Malania, akimshukuru Waziri Mkuu Malan wa Afrika Kusini aliyempa ndege ya kumfuata Komoro. Walipopatikana wengine, ilidhihirika kwamba pezi lilipotea kwa jeraha tu. Jina la waziri mkuu likafutwa. Mwili ulikuwepo, umehifadhiwa, na yeyote mwenye shaka aliweza kwenda kuutazama.

Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamekuwa wakimnasa Latimeria kwenye majarife, na mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nasaba yake haijaacha kuchunguzwa. Kwa vikonyo vile alidhaniwa ndiye samaki aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, hadi jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2013 ilipoonyesha kwamba aliye karibu zaidi ni jamii ya kamongo. Basi kamongo wa Ziwa Victoria, anayepumua kwa mapafu na anayeweza kulala kwenye tope wakati wa kiangazi, ni jamaa yetu wa karibu kuliko alivyo jamaa wa sato anayeuzwa naye kwenye meza moja sokoni.