Mwalimu wa Zamu ya Usiku

Desemba 2018, serikali ya Kenya ilipoanza majaribio ya huduma ya afya kwa wote katika kaunti nne, Nyeri iliingizwa kwa sababu ya mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la damu. Mjadala wa wakati ule ulihusu kadi, dawa na ada. Ulipita juu juu ya jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi: maradhi haya ya polepole huua kwa haraka. Mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka bila kelele huletwa hospitalini usiku mmoja akiwa hajitambui. Mwenye presha huamka upande mmoja wa mwili umelegea. Wote huingilia mlango wa kasualti, na katika hospitali nyingi za kaunti wanaowapokea ni afisa wa kliniki, muuguzi na daktari mwanagenzi aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Hoja yangu ni kwamba miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, haitapata mabingwa wa tiba ya dharura kwa kusubiri wahitimu wa Nairobi wapande huku. Itawapata ikiwafunzia papa hapa, na mafunzo hayo hayatakuwa na maana iwapo mwalimu hayupo kando ya kitanda, hasa usiku.

Chukua mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi. Anapumua kwa kina na kwa kasi, pumzi yake inanukia tunda lililoiva kupita kiasi, ulimi umemkauka. Kila aliyepita chuo cha udaktari anajua kwamba anahitaji maji ya mshipani na insulini. Kinachomponza daktari mchanga ni kipi kitangulie. Insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na mgonjwa huyu amekwisha kupoteza potasiamu nyingi kwa mkojo, hata pale kipimo cha kwanza kinapoonyesha kiwango cha kawaida. Akipewa insulini ilhali potasiamu yake iko chini, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na moyo ukasimama, na aliyemtibu akaamini kwamba ni kisukari kilichoua. Sasa tuseme ni saa nane usiku na maabara haiwezi kupima chumvi za damu mpaka asubuhi. Anayejua kazi ataanza na maji, atapima umeme wa moyo, atatafuta katika ile karatasi mawimbi yaliyolala na dalili nyingine za potasiamu iliyoshuka, ndipo aamue kama insulini isubiri. Uamuzi wa namna hiyo hauingii kichwani kwa mhadhara. Hujengeka kwa kuufanya mara nyingi mbele ya mtu aliyekwisha kuufanya, anayeweza kusema "ngoja" kabla dawa haijaingia mshipani.

Ushahidi wa karibu uko Dar es Salaam. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura Januari 2010, kwa ubia wa serikali ya Tanzania na Abbott Fund. Kabla ya hapo mapokezi yalikuwa zaidi mahali pa kumwandikisha mgonjwa na kumwelekeza wodini, na tiba yenyewe ikaanza akishafika huko. Oktoba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikapokea madaktari wa kwanza wa uzamili wa tiba ya dharura, masomo ya miaka mitatu, nao wakahitimu mwaka 2013. Mfuatano huo ndio somo. Idara ilitangulia, shahada ikafuata. Mwanafunzi wa kwanza alikuta mahali ambapo wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao badala ya foleni, ambapo mahututi ana chumba chake, na ambapo wauguzi wamefundishwa kazi hiyo hiyo na hawakuazimwa kutoka wodi nyingine kwa juma moja. Walimu wa mwanzo wengi walitoka ng'ambo, wakasimama zamu pamoja na wanafunzi wao, na wahitimu walipopatikana wakashika nafasi zao. Kenya ilikwenda njia nyingine. Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, ilisema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura, lakini tiba ya dharura ilitambuliwa kuwa fani ya ubingwa mwaka 2017. Kwa miaka saba wananchi walikuwa na haki ambayo nchi haikuwa na fani rasmi ya kuitimiza.

Wapo watakaosema kwamba ubingwa ni anasa, kwamba kinachohitajika ni kozi fupi kwa wale walioko zamuni sasa. Hoja hii ina nguvu, na bahati nzuri ilipimwa hapa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 2006, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Wellcome Trust walifuatilia hospitali nane za wilaya kwa mwaka mmoja na nusu, wakiangalia jinsi watoto wagonjwa sana wanavyopokewa. Nne zilipewa kozi ya siku tano na nusu, kisha zikawa na mtu wa ndani wa kuwasukuma wenzake, ziara za usimamizi na taarifa za ana kwa ana kuhusu utendaji wao. Nne nyingine zilipata semina ya siku moja na nusu na taarifa za maandishi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: miongoni mwa watoto walioishiwa maji vibaya, walioandikiwa maji ya mshipani ya kutosha walikuwa takriban theluthi mbili katika kundi la kwanza, na wanne hivi kwa kila kumi katika kundi la pili. Miongozo ilikuwa ile ile pande zote. Kilichotofautiana ni urefu wa kozi pamoja na kuwapo kwa mtu wa kurudi na kukagua, na mimi naupa uzito mkubwa ukaguzi huo, kwa sababu madaktari wanagenzi hubadilisha idara kila baada ya miezi mitatu na kinachofundishwa Januari huwa kimeondoka na wenyewe ifikapo Aprili. Hata kundi la kwanza, tukumbuke, lilimkosa mtoto mmoja kati ya watatu.

Kozi fupi basi inahitaji mwenyeji. Inahitaji mtu ambaye kazi yake ya kudumu ni kasualti, atakayewafundisha wanagenzi wapya, na maafisa wa kliniki ambao ndio uti wa mgongo wa vituo hivi. Sisemi hivi kwa kuwadharau maafisa wa kliniki. Hospitali ya AIC Kijabe imewafunza katika huduma ya dharura na wagonjwa mahututi, na kule Rukungiri nchini Uganda, Hospitali ya Karoli Lwanga ilithubutu kuwafunza wauguzi wasimamie chumba cha dharura. Mipango hiyo yote ilianzishwa na walimu waliokaa na wanafunzi. Bingwa mmoja mwenye kipaji cha kufundisha ataongeza uwezo wa watu wengi wasio mabingwa, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kumtaka Nyeri.

Pingamizi la pili ni kwamba mafunzo ya ubingwa yanahitaji Nairobi, yenye wagonjwa wengi, mashine na maprofesa. Sehemu yake ni kweli. Miezi ya chumba cha mahututi na ya magonjwa ya moyo ni bora ifanyiwe huko. Lakini eneo hili limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kulea madaktari wa uzamili. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha uzamili wa tiba ya familia mwaka 2005, hospitali za misheni zilitumika kama madarasa, na PCEA Chogoria, kwenye mteremko wa mashariki wa mlima, imekuwa mojawapo. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa likishauri wahudumu wafunziwe karibu na vijiji watakavyohudumia, kwa kuwa huko ndiko wanakoelekea kubaki. Na wagonjwa wa hapa wana elimu yao. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu Embu na kaunti nyingine, na Februari 2024 ikaua tena kijijini Kangai, Kirinyaga. Methanoli hudanganya: mnywaji huonekana mlevi wa kawaida, na madhara hujitokeza saa nyingi baadaye, ini likishaigeuza kuwa asidi inayopofusha macho. Daktari anayeuliza "unaona ukungu?" na kupima asidi ya damu mapema anaweza kuizuia sumu hiyo kwa kilevi halisi kinachotolewa kwa kipimo, kisha kusafisha damu kwa mashine. Anayemwacha mgonjwa alale ili pombe imtoke humkuta amepofuka au amekufa.

Wengine huitegemea barabara. Ile ya Kenol hadi Marua imepanuliwa, wanasema, ambulensi itafika Nairobi upesi. Bado ni kilomita 150 hivi kutoka Nyeri, na kijana wa bodaboda ambaye hewa imejaa nje ya pafu na kuubana moyo hana muda wa kufika hata Karatina. Anahitaji sindano kifuani kabla ambulensi haijawashwa. Barabara nzuri inamfaa mgonjwa aliyekwisha kutulizwa.

Gharama ndiyo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Muhimbili ilikuwa na mfadhili, Nyeri haina. Juma lina saa 168, na bingwa mmoja akifanya saa 40, wanahitajika zaidi ya wanne ili mwalimu asikosekane hata saa moja, na ukihesabu likizo na ugonjwa wanakuwa watano au sita. Kaunti moja haitawapata mara moja. Lakini wanaweza kuanza wawili katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, zamu zao zikipangwa jioni na mwisho wa juma na si saa za ofisi, huku madaktari wanaosomea ubingwa wakiwa wahudumu wa kweli wa kasualti kwa sehemu kubwa ya masomo yao. Kaunti humlipa daktari mshahara akiwa masomoni Nairobi, na hospitali yake hubaki na pengo. Akisomea Nyeri, mshahara ule ule unajaza zamu. Hii haina maana kwamba watumikishwe. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulichochewa kwa sehemu kubwa na serikali kutaka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 kwa mujibu wa mkataba wa 2017. Mpango utakaojengwa juu ya kazi isiyolipwa utavunjika kabla ya kutoa mhitimu mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika mtaala. Ni kuifanya kasualti ya Nyeri idara kamili yenye mkuu wake, bajeti yake na wauguzi wasiohamishwa kila mwezi, kisha Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itenge nafasi ya bingwa wa tiba ya dharura katika orodha ya ajira, kwa cheo na mshahara uliotajwa, ili daktari atakayeingia mwaka wa kwanza aione nafasi hiyo kabla hajatia sahihi.