Wati 3 Hazikustahili Bei Ile

Kuirudisha ASPM, mfumo wa PCIe wa kuokoa umeme, kwenye r8169, draiva ya Linux ya kadi za mtandao za Realtek, mwaka 2018 lilikuwa kosa, tena kosa lililokwisha andikiwa onyo. Mwaka 2011 Stanislaw Gruszka aliizima kwa sababu kadi za Realtek zilikuwa zikiacha kufanya kazi ghafla, bila hata mstari mmoja kwenye dmesg, kumbukumbu ya kernel. Miaka 7 baadaye Kai-Heng Feng akaiwasha tena. Hoja yake haikuwa ya kubezwa: kwenye mashine za Intel kuanzia Skylake, bila ASPM prosesa haivuki PC3, yaani usingizi mwepesi; ASPM ikiwashwa hufika PC8, usingizi mzito zaidi, na mashine aliyopimia iliokoa kama wati 3. Kwa mwenye laptopu hilo si haba. Lakini kipimo cha mashine moja hakiwi kanuni ya kila baodi. Chipu ni ileile, ila BIOS na njia za PCIe hutofautiana, na draiva haikuwa na namna ya kujua kama baodi iliyoiangukia inaimudu ASPM. Mzigo ukamwangukia asiyeweza kuutambua. Fundi wa saiba pale Mishomoroni, deski ya mtumba ikikata mtandao na dmesg iko kimya, atabadilisha waya, atashuku swichi, atampigia mtoa huduma. Draiva ataifikia mwisho kabisa.

Watasema walioathirika walikuwa wachache. Kweli, na Heiner Kallweit alilikiri hilo mwaka 2019 alipoizima tena, kwa ripoti za kasi kushuka na hata mashine kugoma kuwaka. Ila hasara hizi mbili hazilingani: aliyekosa wati 3 bado ana mtandao.

Kulipa gharama ili kadi ifanye kazi kwa uhakika si jambo geni: Bill Paul alifanya hivyo zamani, alipoiandikia FreeBSD draiva ya RTL8139, chipu nyingine ya Realtek. Chipu ile ilitaka kila bafa ya kutuma ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na pakiti zote zinazoingia ilizirundika kwenye bafa moja. Yeye alinakili data, akakubali prosesa ilipe gharama, na akaeleza kasoro hizo waziwazi ndani ya kodi yenyewe. Watengenezaji wa chipu wangekuwa wakweli kiasi hicho, nusu ya ugomvi huu isingekuwapo.

Mwaka 2022 Kallweit aliruhusu L1.2, hali ya ASPM inayookoa umeme zaidi, pale tu mtengenezaji wa mashine aliyeijaribu ameiwekea alama kuwa ni salama. Ndivyo ilivyopasa kuwa tangu 2018.